Kwa Muda

Jumapili ile nilimpandisha Daktari Wisam nyumbani Kibosho,
kwa kuwa wodi ya macho ilikuwa shwari
na wali wa kantini ya Moshi umemchosha.
Mama alimpa mtori, akamwomba radhi kwa uchache wa nyama.
Naye akamwomba radhi kwa bakuli la tatu.

Kisha akauliza habari za masale,
ule mstari mzima kutoka migombani hadi mferejini,
marefu kuliko paa la banda la ng'ombe.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa.
Baba na mzee Ndewirwa waligombania hatua moja na nusu ya kihamba
(hatua za baba; Ndewirwa alikuwa mfupi, kwake zilikuwa mbili).
Walipelekana hadi barazani. Panga liliinuliwa, likashushwa.
Mwishowe Ndewirwa akaja alfajiri, jani la isale mkononi,
na kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa,
hata kama moyo bado una mawe.
Wakanywa mbege kwa kata moja.
Wakapanda masale mpakani, kwa muda tu,
mpaka mpimaji atakapokuja kutoka wilayani.

Nilikuwa darasa la pili.
Mpimaji bado yuko njiani.

Wisam alicheka hadi akashika tumbo,
halafu kicheko kikamwishia mdomoni.
"Kwetu walisema miaka mitano," akasema,
kwa Kiswahili chake cha miezi minane kinachochechemea kwenye ngeli.
"Nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu aligawa peremende.
Tulichora njiwa. Wangu alitoka kama kuku."

Miaka mitano ya mpito.
Ardhi ikapewa herufi tatu, kama mafaili.
Nyumba yao ikaangukia herufi ya pili,
kisima na mizeituni vikaangukia ya tatu,
katikati ukaja uzio, kwenye uzio geti,
kwenye geti kijana mwenye bunduki anayetazama saa.
Babake aliomba kibali cha tangi la maji ya mvua.
Akaomba tena.
Akaliweka bila kibali. Likaja tingatinga.
Zeituni huvunwa siku geti likifunguliwa,
si siku zikiiva.
Dada yake ameolewa ng'ambo ya kilima,
unaziona nguo zake kwenye kamba.
Kumfikia ni asubuhi nzima, au siku nzima,
au urudi.

"Watu huniuliza, amani yenu ilivunjika lini?
Mimi nasema, ile ya muda haijavunjika. Tumo ndani yake.
Mwanangu kazaliwa humo,
sasa anaota meno ya ukubwani."

Nikaionea aibu hatua yetu moja na nusu.
Nilitaka kusema yetu haina bunduki,
yetu ni majani,
lakini mama alikuwa anakusanya mabakuli
nami nikajifanya kumsaidia.

Nilipotoka nilimkuta akiyafuata masale polepole,
anayakagua jani kwa jani kama anavyokagua jicho la mtoto.
Karibu na mfereji kuna tundu.
Walioanza ni kuku. Sisi watoto tukalipanua.
Siku hizi hata mama hupitia hapo kuomba chumvi,
na usiku aliofariki baba
mke wa Ndewirwa alipitia hapo na birika la maji ya moto,
hakuzunguka barabarani.

Wisam akainama, suruali safi ikagusa tope.
Akatokea upande wa pili.
Akasimama kwenye kihamba cha watu, mikono ikining'inia,
kama anayengoja kuitwa jina lake.
Mbwa wa Ndewirwa akanyanyua sikio moja,
akalishusha.

Akarudi.
Akapita tena.
Mara ya tatu mama akaniuliza kwa Kichaga,
mgeni wako amepoteza nini kule?

Mwache, mama, nikamwambia.
Anapita tu.